Jinsi ya kuanzisha chumba cha kumbukumbu za vita Dar es Salaam

Simama kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe, uizunguke Sanamu ya Askari polepole, usome maandishi yake yote. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palepale ilipokuwa sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji Septemba 1916. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la askari hata mmoja halimo, wala la mpagazi.

Ukitembea nusu saa hivi utafika Kariakoo. Jina la mtaa huo ni matamshi yetu ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Wapagazi walioandikishwa na Waingereza katika vita ile ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni 1, na waliokufa wanakaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Huenda idadi hiyo ikafika 350,000.

Basi kamati ya mtaa, shule, au umoja wa wastaafu wakitaka kuanzisha chumba cha kumbukumbu za vita, kazi ya kwanza iko mbele yao: kurudisha majina. Mwongozo huu unafuata kanuni hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kofia ya chuma isiyojulikana ilivaliwa na nani, wapi na lini, haitofautiani sana na chuma chakavu. Karatasi iliyokunjika yenye jina la mtu na kijiji chake ina thamani kuliko kofia kumi za namna hiyo.

Chagua vita moja na watu wako

Kosa linaloviua vyumba vingi ni kutaka kueleza historia yote, tangu Majimaji hadi ukombozi wa kusini mwa Afrika, ndani ya mita 4 kwa 5. Historia hiyo pana ina wenyewe. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa mwaka 1940 yakiwa ukumbusho wa Mfalme George V wa Uingereza, na baada ya uhuru yakawa ya taifa. Leo bustani yake inawakumbuka pia waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, katika eneo lenye kaburi la halaiki la mashujaa wa Kingoni walionyongwa 1906, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika hapo. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wa Vita ya Kagera. Naliendele, Mtwara, wamelala waliokufa wakati wa harakati za kuikomboa Msumbiji.

Chumba chako kina kitu kimoja ambacho hao wote hawana: kiko karibu na nyumba za watu. Kwa hiyo anza na watu wa mtaa. Ukiwa Ilala au Kariakoo, swali lako linaweza kuwa wapagazi. Ukiwa kata yenye wastaafu wengi wa JWTZ, mgambo na JKT, swali ni Kagera, vita iliyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia nchini na kuifikisha JWTZ Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ukiwa Oysterbay, ambako Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu tarehe 3 Februari 1969, una sababu ya kuzungumzia wapigania uhuru waliokaa mjini kwetu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963 hadi 1994, na majirani wa nyumba hizo wengine bado wapo.

Andika swali lako kwa sentensi moja, ulibandike ukutani mahali kamati inapokutana. Mtu akileta kitu kisichohusiana na swali hilo, mshukuru, mwelekeze kwingine. Kukataa ni kugumu, hasa mtoaji akiwa mzee, lakini chumba kinachopokea kila kitu hugeuka stoo ndani ya mwaka mmoja.

Karatasi kabla ya vitu

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha waandikieni barua Makumbusho ya Taifa mkieleza mnachokusudia na kuomba ushauri. Wao ndio wenye dhamana kwa sheria ya mwaka 1980, na barua iliyopokelewa na kugongwa mhuri itawasaidia baadaye. Msichimbe popote kutafuta mabaki: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Mifupa ya binadamu ikionekana kwenye msingi wa nyumba au shambani, kazi isimame, polisi na Idara ya Mambo ya Kale wapewe taarifa, na mtu yeyote asibebe hata kipande.

Katika katiba ya kamati kuna kifungu kimoja ambacho watu hukisahau, nacho ndicho kinacholeta ugomvi: kamati ikivunjika, vitu vitakwenda wapi? Andikeni waziwazi kama vitarudi kwa familia au vitapelekwa makumbusho fulani. Pasipo kifungu hicho, mwenyekiti akifariki, sanduku la nishani za watu hubaki nyumbani kwake likihesabiwa kuwa urithi wa watoto wake.

Sasa silaha. Hapa hakuna mjadala wala ushujaa. Bunduki, hata iliyoliwa na kutu, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Haipokelewi mpaka polisi wameiona na kutoa maelekezo kwa maandishi. Risasi nzima, bomu la mkono, na kombora la aina yoyote havipokelewi kabisa. Dar es Salaam jambo hili si la kubuni: maghala ya silaha yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yakaruka na kuangukia makazi ya watu. Vyuma vya siku zile vinaweza kuwa bado uani kwa mtu, vikitumika kuzuia mlango au kuegemeza dumu. Mtu akikueleza kwamba anacho, mwambie asikiguse, asikimwagie maji, asikisogeze. Watu na watoto wakae mbali, kisha apige 112. Kilipuzi cha zamani hakifi kwa sababu kimezeeka. Kemikali za ndani huweza kuharibika na kuwa kali zaidi, na kiwashio kilicholika na kutu hushtuka kwa mguso mdogo.

Akija mtu na kombora mkononi hadi mlangoni kwenu, msimrudishe nalo nyumbani. Aliweke chini taratibu palepale nje, wote mwondoke, mpige simu.

Saa ya kwanza ya kitu kipya

Saa hii ndiyo inayoamua kama mna makumbusho au mna rundo. Kitu kikifika, kabla hakijapangusiwa hata vumbi, aliyekileta aketishwe, apewe maji, na mtu mmoja afungue daftari. Tumieni kaunta buku ngumu yenye kurasa zilizoshonwa. Faili la karatasi huru halifai, kwa sababu karatasi huru huchomolewa. Andikeni kwa kalamu ya wino usiofutika, na mkikosea mpige mstari mmoja juu ya kosa, msitumie wino mweupe wa kufuta.

Namba ya kitu ina sehemu tatu: mwaka, mchango wa ngapi mwaka huo, na kitu cha ngapi ndani ya mchango huo. Familia ya nne kuleta vitu mwaka 2026 ikileta nishani, picha na barua, mtaandika 2026.4.1, 2026.4.2 na 2026.4.3. Namba iliyotolewa haitumiki tena, hata kitu kikirudishwa. Uzuri wake ni kwamba vitu vya mtu mmoja havitengani kamwe kwenye kumbukumbu, hata vikiwekwa makabati tofauti.

Mbele ya kila namba andika haya: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipimo kwa sentimita, hali yake na kasoro zake, maandishi yote yaliyomo, mwenyewe alikuwa nani kwa majina yake yote matatu na jina la utani kama lipo, kijiji alikotoka, kikosi, miaka, kilifikaje kwa aliyekileta, na tarehe. Maneno ya mtoaji yaandikwe kama alivyoyasema. Akisema "babu alikuwa keya, alikwenda Burma", andika hivyohivyo. Usisahihishe kuwa "alitumikia King's African Rifles", jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Neno lake lina habari ambayo tafsiri yako itaifuta, na ufafanuzi unaweza kuuongeza chini yake.

Chukua mfano wa nishani. Ishike kwa ukingo, mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa au imevaa glovu za nitrili, kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama ya vidole ambayo baada ya miezi hugeuka doa la kudumu. Iweke juu ya kitambaa cheupe. Washa tochi ya simu, uilaze karibu usawa wa meza ili mwanga upite ubavuni mwa nishani, kisha uizungushe polepole ukitazama ule ukingo mwembamba, si uso wake. Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida zilichongwa hapo namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Herufi ni ndogo na mara nyingi zimelika, zinahitaji kioo cha kukuzia, lakini mwanga wa ubavuni huziinua. Nakili herufi kwa herufi, na usiyoisoma uiachie nukta. Nyota za Vita Kuu ya Pili, kama ile ya Burma, ni habari nyingine. Waingereza walizitoa bila jina. Nyota ya Burma ambayo familia haikueleza ni ya nani haitapata tena mwenyewe, ndiyo maana saa hii ya kwanza haiahirishwi hadi wiki ijayo.

Msisugue nishani kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kila msuguo unakula chuma, na herufi za ukingoni ndizo zinazotangulia kuondoka.

Namba huwekwaje? Kwenye nishani na vitu vidogo, funga kadi ndogo kwa uzi wa pamba. Kwenye nguo, andika namba juu ya utepe wa pamba kwa wino usiochuja, uushone kwa mishono miwili ndani ya kola au kiuno. Picha na karatasi huandikwa nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, juu ya meza ngumu na bila kukandamiza. Kalamu ya bolpeni huacha mfuo unaoonekana upande wa sura ya mtu. Gundi, selotepu na stika za bei haziruhusiwi popote.

Mwisho wa kikao mtoaji anasaini hati ya makabidhiano, nakala mbili, ikisema wazi kama ametoa moja kwa moja au ameazima hadi tarehe fulani. Epuka kuazima "mpaka itakapohitajika". Miaka kumi baadaye watakuja warithi watatu, kila mmoja na madai yake. Hati ieleze pia kama jina la mtoaji linaweza kuonyeshwa hadharani. Taarifa za watu walio hai zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo namba za simu na anwani zikae kwenye daftari la ndani.

Picha na vyeti

Adui mkubwa wa vyeti vya wastaafu mjini hapa ni lamineshen. Joto la mashine na gundi ya plastiki vikishaingia kwenye karatasi havitoki, na unyevu uliofungiwa ndani unaendelea kuila. Kikiletwa kilichokwisha kulaminiwa, kipokeeni kilivyo, msijaribu kukibandua. Ambacho hakijafanyiwa hivyo kiwekwe ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa poliesta. Mifuko laini ya PVC yenye harufu kali ya plastiki inanata kwenye picha. Albamu za kurasa zenye gundi ni mbaya vilevile.

Skani picha kwa nukta 600 kwa inchi na uihifadhi kama TIFF, kisha toa nakala ya JPEG ya kutumia kila siku. Kama hakuna skana, piga kwa simu karibu na dirisha lenye kivuli, flashi ikiwa imezimwa, simu ikiwa sambamba na meza. Skani na upande wa nyuma pia: muhuri wa studio na maneno mawili ya penseli mara nyingi ndiyo pekee yanayotaja mahali na mwaka.

Sauti za wazee

Kijana wa miaka 20 aliyevuka Mto Kagera mwaka 1978 leo amepita miaka 65. Kazi ya kurekodi isisubiri kabati wala jengo. Mnamo 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Majimaji kutoka kwa wazee walioishuhudia vita ile. Wangechelewa miaka kumi, sehemu kubwa isingepatikana.

Nenda na mtu ambaye mzee anamfahamu. Shikamoo, habari za nyumbani, kisha eleza unachotaka na kitatumikaje, na kibali chake kirekodiwe mwanzoni kwa sauti yake mwenyewe. Simu iwekwe hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 kutoka kinywani. Zima feni. Sauti ya feni hamuisikii mkiwa chumbani, lakini kwenye rekodi inafunika konsonanti. Dakika 60 zinatosha kwa siku moja, 90 ndio mwisho.

Anza na jina, alikozaliwa, ukoo, alivyoingia jeshini. Uliza maswali yanayofungua: "Siku mlipoondoka ilikuwaje?" "Mlikula nini?" "Nani alikuwa kulia kwako?" Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa majina. Mzee asiyekumbuka tarehe ya pigano huwakumbuka wenzake wanne wa kwenye handaki, na pengine wawili kati yao hawakurudi na hakuna mtu mwingine mjini anayewajua. Majina yakitajwa, msimkatize. Mwishoni rudini nyuma, mthibitishe kila moja na kijiji chake.

Akinyamaza, nyamaza naye. Akitaka kuacha, mwacheni. Usimuulize aliua wangapi. Mambo ya mipango na siri za jeshi yasifuatiliwe, na akisema sehemu fulani isitolewe hadharani, andikeni dakika na sekunde zake kwenye daftari na muiheshimu. Wake na akina mama waliobaki nyumbani warekodiwe pia. Wao ndio waliopokea barua, na ndio waliosubiri ambazo hazikuja.

Faili liitwe kwa tarehe, mtaa na namba, kwa mfano 2026-07-25_Temeke_01. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja jengo jingine kabisa. Familia ipewe yake.

Chumba chenyewe

Unyevu wa Dar es Salaam siku nyingi huwa juu ya asilimia 70, na hewa ya bahari ina chumvi. Ukungu huanza unyevu unapopita 65 hadi 70 na kukaa hapo. Chuma huota kutu polepole zaidi kikikaushwa chini ya asilimia 40, na chenye chumvi kinahitaji ukavu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mahitaji yanapingana: ngozi na mbao zikikaushwa hadi 40 zitapasuka, chuma kikiachwa 65 kitaliwa. Jibu ni kuutunza unyevu wa chumba kwa wastani, na kukausha zaidi ndani ya makasha ya vyuma peke yake.

Chumba kiwe juu ya usawa wa mafuriko ya masika, kisichopakana na choo wala jiko, na dari yake ikaguliwe mwezi Februari kabla mvua hazijaanza. Nunua kipima unyevu cha kidijiti, muandike namba asubuhi na jioni kwa mwezi mzima kabla ya kuleta kitu chochote. Kiyoyozi kinachowashwa wakati wa kazi na kuzimwa usiku kina madhara kuliko faida: kikizimwa, hewa ya joto yenye maji huingia na kutona juu ya vitu vilivyopoa. Ama kiwake saa zote, ama mtumie feni na madirisha yenye wavu, hewa izunguke.

Vyuma viwekwe kwenye makasha ya plastiki ngumu yenye alama ya PP na mfuniko unaobana. Ndani weka silika jeli, zile chembe zinazokuja kwenye vipakiti vya viatu, lakini nunua kwa kilo. Kwa kasha la lita 20 gramu 200 zinatosha. Chagua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, na uiepuke ya buluu, kwa kuwa rangi yake ni kemikali ya kobalti yenye sumu. Ikishiba, ianike kwenye trei ndani ya oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 3 au 4, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha irudishwe. Kasha linaloshibisha jeli ndani ya wiki moja lina mfuniko unaovuja.

Kwa makabati ya maonyesho, mafundi wa Keko watawatengenezea ya mninga yanayopendeza macho. Yapendeni kwa mbali. Mbao na plaiwudi hutoa mvuke wa asidi, na ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo unageuza vitu vya zamani vya madini ya risasi kuwa unga mweupe na kuichafua shaba. Kabati la alumini na kioo, lile la maduka ya simu, ni salama zaidi, na mafundi wake wamejaa mjini. Tahadhari iko kwenye silikoni ya kuunganishia vioo: inayonuka kama siki inatoa asidi ileile. Mwambie fundi atumie isiyonuka, au kabati likae wazi wiki tatu mpaka harufu iishe kabisa. Ukiingiza pua ndani na bado unainusa, usiweke kitu.

Rafu ya chini ianzie sentimita 15 kutoka sakafuni, na nyuma iache sentimita 10 kutoka ukutani. Nafasi hiyo ndiyo itakayowaonyesha njia ya mchwa, ule mstari mwembamba wa udongo, kabla haujafika kwenye sanduku. Kagueni kila Jumatatu kwa tochi. Unga laini chini ya kitako cha mbao ni fukusi. Sare ya sufu yenye matundu madogo na nyuzi kama utando ina nondo wa nguo. Tibu kwa baridi badala ya dawa: funga kitu ndani ya mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika barafu ikayeyuka, hesabu inaanza upya. Kikitoka, kikae ndani ya mfuko saa 24, kwani ukikifungua mapema maji yatatona juu yake. Vitu vilivyochorwa rangi, vioo na picha haviingizwi friza. Naftalini nayo iachwe: inadhuru mapafu ya wageni na kulainisha vifungo vya plastiki.

Nguo, picha na karatasi zionyeshwe kwenye mwanga hafifu, lakisi 50 (lux, kipimo cha mwanga), ambao macho huuzoea kwa dakika moja. Baada ya miezi mitatu zipumzishwe, na ukutani muweke nakala. Cheti halisi hakina haja ya kukaa kwenye jua la dirisha ili mgeni aamini kuwa kipo.

Maneno ya ukutani

Lebo ya kitu isizidi maneno 60, herufi za pointi 24 kwenda juu, katikati yake iwe mita 1.45 kutoka sakafuni, na Kiswahili kitangulie. Jina la mtu likae mstari wa kwanza, kabla ya jina la kitu. Pale ambapo jina halijulikani, semeni hivyo waziwazi na mseme ni nini mnachokijua. Mfano kwa sarafu inayopatikana bado kwenye masanduku ya familia:

"Aliyekuwa nayo hatumjui. Sarafu ya heleri 20, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Kutokana na heleri tumepata neno 'hela'. Kama unaifahamu familia iliyokuwa nayo, tuambie."

Pimeni kila neno. Wajerumani waliandika "uasi" wa Majimaji. Watu wa kusini wanasema vita, nao walipoteza watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa iliyoletwa na mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Mpagazi aliyekamatwa kijijini na kufungwa kamba hakujitolea. Na askari Mwafrika aliyepigana upande wa Mjerumani ana wajukuu Dar es Salaam kama yule wa Keya. Mjukuu akija na picha ya babu yake wa jeshi la Kijerumani, aandikwe kwa adabu ileile, na lebo ieleze alichofanya jeshi hilo bila kupunguza.

Wageni na daftari la majina

Darasa la wanafunzi 40 ligawanywe mara mbili, kundi moja ndani, jingine nje na kazi ya kusoma. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ndiyo yenye wageni wengi. Wiki moja kabla, kagueni betri za tochi, lebo zilizofifia, na njia ya mzee anayetumia fimbo. Mkipata basi, wapelekeni wanafunzi Makaburi ya Vita, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Yalianzishwa 1968, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara mpya. Wape dakika kumi wanakili majina matano kutoka kwenye mawe. Kisha wapelekeni Posta, kwenye Sanamu ya Askari, muwape kazi hiyohiyo.

Mlangoni, mahali mgeni anapotokea, pawe na meza, kiti, na daftari jingine lenye safu tano: jina la aliyekwenda vitani, kijiji, vita ipi, alirudi au hakurudi, na nani anayeandika. Asiyejua kuandika aandikiwe. Kalamu ifungwe kwa uzi. Kila Ijumaa majina ya wiki yahamishiwe kwenye kaunta buku kubwa na kompyuta, na aliyeacha jina lisilo na kijiji apigiwe simu kabla ya wiki mbili kupita.